Adui Anayeitwa Mezani: The Thundermans na Kisa cha Max

Max Thunderman amekwisha kuamua kazi atakayoifanya akiwa mtu mzima: atakuwa mhalifu. Hakuwaficha jambo hilo wazazi wake, ambao wenyewe walijipatia jina kwa kuwakamata wahalifu, wala hakumficha dada yake pacha, ambaye ameazimia kuwa shujaa kama wazazi hao. Chumba chake kiko chini ya nyumba, kimejaa mitambo aliyoiunda kwa nia mbaya, na mshauri wake mkuu ni mhalifu wa zamani aliyegeuzwa sungura. Pamoja na hayo yote, chakula kikiwa tayari, Max anaitwa mezani kama wenzake, anaulizwa habari za shule, na mipango yake ya kuitikisa dunia inasubiri hadi vyombo viondolewe.

Huo ndio msingi wa The Thundermans, tamthilia ya vichekesho ya watoto iliyobuniwa na Jed Spingarn na kuonyeshwa na Nickelodeon nchini Marekani kuanzia tarehe 14 Oktoba 2013 hadi Mei 2018, misimu minne yenye sehemu 98. Wengi huikumbuka kwa nguvu za ajabu za familia hiyo, na wana haki, maana zimegawiwa kwa ukarimu. Baba, Hank, anaruka angani na kunyanyua vitu ambavyo watu kumi wasingevisogeza; mama, Barb, anarusha umeme; pacha Phoebe na Max wanasogeza vitu bila kuvigusa na wana pumzi ya kugandisha na ya kuunguza; Billy anakimbia kuliko jicho linavyoweza kumfuata; Nora anatoa miale ya leza machoni; na Chloe, kitinda mimba aliyeingia tamthilia ikiwa imekwisha kushika kasi, anatoweka hapa na kutokea kule. Lakini nguvu hizo, nionavyo mimi, zimewekwa ili kupimia jambo jingine. The Thundermans ni hadithi ya nyumba yenye mtoto aliyejitangaza kuwa mbaya, na ya namna nyumba hiyo inavyokataa kumtoa. Tamthilia hii ilikuwa imara kwa muda wote ambao Max alibaki mbaya, na ilianza kupungua ladha alipoongoka.

Kabla ya Max kuna siri, kwa kuwa siri ndiyo inayoendesha mambo katika kila sehemu. Hank na Barb wamestaafu ushujaa, wakaacha jiji la Metroburg na kuhamia mji mdogo wa Hiddenville ili watoto wao wakue kama watoto wengine, kwa sharti kwamba nguvu zao zisijulikane na mtu wa nje. Mbinu hii ya kuchekesha kwa jirani asiyejua ni ya zamani sana katika televisheni ya Marekani. Bewitched, iliyorushwa na kituo cha ABC kutoka 1964 hadi 1972 na kuanza katika zama za picha nyeusi na nyeupe, ilimhusu mke mchawi aliyejaribu kuishi bila uchawi kwa ajili ya mumewe, huku jirani yao, Gladys Kravitz, akichungulia dirishani na kuona mambo ambayo mume wake mwenyewe hakuyaamini. Mwaka 2004 filamu ya katuni ya The Incredibles ikatuletea familia nzima ya mashujaa waliolazimika kujificha baada ya wananchi kuwafungulia kesi na serikali kuwapiga marufuku.

Spingarn amebadilisha kitu kimoja, na mabadiliko hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Hakuna serikali inayowakandamiza akina Thunderman, wala hakuna umati unaotaka kuwachoma moto. Amri ya kujificha imetoka kwa baba na mama. Kwa hiyo mtoto akiivunja hatendi kosa la jinai wala hafanyi uasi wa kisiasa. Anakaidi wazazi, kama mtoto yeyote anayekaa nje baada ya magharibi wakati ameambiwa arudi mapema. Kwa uamuzi huo mmoja hadithi ya mashujaa imepunguzwa ikatosha ndani ya sebule, na kila nguvu ya ajabu imekuwa suala la malezi.

Hata utengenezaji wenyewe unailazimisha hadithi kubaki sebuleni. Vichekesho vya namna hii hurekodiwa ndani ya studio, kwa kamera kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, katika chumba chenye kuta tatu ambamo ukuta wa nne umeachwa wazi kwa ajili ya kamera. Kochi linatutazama sisi, ngazi ziko nyuma, jiko liko upande, na vicheko vya hadhira vinasikika kila baada ya mzaha. Mahali kama hapo hapafai vita vya mashujaa wanaobomoa maghorofa. Nguvu zinazofaa ni zile zinazoweza kuonyeshwa kwa gharama ndogo: pumzi ya kugandisha inataka moshi mweupe na mwigizaji anayejua kusimama kama gogo, mbio za Billy zinataka upepo wa kupeperusha nywele na karatasi, kusogeza vitu kwa mbali kunataka mkono ulionyooshwa na kitu kinachohama mezani. Ufukara huo umeinufaisha tamthilia. Pumzi ya barafu inayotumiwa kumnyamazisha ndugu katikati ya ugomvi inachekesha kuliko ile inayotumiwa kuzuia volkano, kwa kuwa kila mtoto amewahi kutamani kumnyamazisha ndugu yake, na ni wachache waliowahi kugombana na volkano.

Kuna sababu nyingine ya kiutendaji, ambayo watazamaji hawaioni. Sheria za California kuhusu waigizaji watoto ni kali: mwigizaji wa miaka 9 hadi 15, katika siku ya shule, haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa tano, na lazima apate saa tatu za masomo palepale kazini. Addison Riecke anayeigiza Nora na Diego Velazquez anayeigiza Billy walikuwa hawajafikisha miaka 12 tamthilia ilipoanza. Ukiangalia sehemu nyingi utaona kisa kikuu kinabebwa na pacha, ambao waigizaji wao Kira Kosarin na Jack Griffo walikuwa wakubwa zaidi, huku wadogo wakipewa kisa kidogo cha pembeni, mara nyingi pamoja na baba yao. Sidai kwamba sheria ya kazi ndiyo iliyoandika hadithi, ila ni dhahiri kwamba mpangilio huo unaafikiana nayo vizuri, na umewapa waandishi nafasi ya kurudi kwa Phoebe na Max kila wiki bila kuchoka.

Na kurudi kwao kulikuwa na faida, kwa kuwa pacha hawa wamebuniwa kwa akili. Nguvu zao zinalingana kabisa. Kile anachoweza Phoebe anakiweza Max, kuanzia kusogeza vitu hadi kugandisha. Waandishi wangeweza kwa urahisi kumpa mmoja nuru na mwingine giza, kama hadithi nyingi za pacha zinavyofanya, ili tumtambue mwovu kwa silaha yake. Wameukataa urahisi huo. Phoebe ndiye Kulwa, aliyetangulia kwa sekunde chache, na Max ni Doto. Wamelelewa katika nyumba moja, na wazazi walewale, kwa sheria zilezile, wakatoka na azma mbili zinazopingana. Methali zetu zinapata shida mbele ya Max. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema, lakini huyu ni mtoto wa mashujaa wawili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema tena, lakini pacha wake amelelewa vilevile na hafanani naye.

Basi ubaya wa Max umetoka wapi? Tamthilia haina dhiki ya kutuonyesha. Hakuna jeraha la utotoni, hakuna mzazi katili, hakuna udhalimu aliotendewa. Ninachokiona mimi ni hesabu ya kijana mwenye akili. Katika nyumba ambayo baba ni shujaa, mama ni shujaa na dada aliyemtangulia anasomea ushujaa kwa bidii ya mwanafunzi wa mbele darasani, kuwa shujaa hakumpatii mtu jina. Ni kama kuzaliwa katika familia ya walimu watupu na kutaka kusifiwa kwa kujua kusoma. Max amechagua fani pekee iliyokuwa wazi, na ameichagua kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. Anayetaka kuona jinsi watoto wanavyogawana nafasi katika familia, mmoja akawa mtiifu, mwingine mtundu, mwingine mchekeshaji, atapata hapa mfano ulioelezwa kwa uwazi kuliko vitabu vingi vya malezi.

Chumba chake nacho kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Hakiko mbali na familia. Kiko chini ya miguu yao. Max hushuka kwa kuteleza kwenye bomba lililofichwa, akatokea katika maabara yake yenye giza kidogo na mitambo isiyoaminika, mahali ambapo mhalifu wa kawaida wa sinema angejificha dhidi ya dunia. Tofauti ni kwamba wazazi wanajua pango hilo lipo, wanashuka humo wanapotaka, na dada zake na mdogo wake wanaingia kuomba msaada au kulalamika. Kwa lugha ya vibanda umiza, ambako kila filamu ina steringi na adui, Max ni adui anayeishi chini ya sebule ya steringi na kufuliwa nguo na mama wa steringi. Mhalifu gani anaweza kutisha katika hali hiyo?

Halafu kuna Dakta Colosso, ambaye ndiye ubunifu mzuri kuliko wote katika tamthilia hii. Zamani alikuwa mhalifu wa kutisha, akashindwa na kugeuzwa sungura, na sasa anaishi chumbani kwa Max, mwanasesere wa manyoya anayezungumza kwa sauti ya Dana Snyder yenye majivuno ya mtu aliyezoea kuogopwa. Msomaji aliyelelewa na hadithi za Sungura na Fisi atamtambua mara moja, kisha atashangaa. Sungura wetu ni mdogo tangu mwanzo, hana nguvu, na anawashinda wakubwa kwa ujanja. Uongo wake tunausamehe kwa kuwa upande wa pili yuko Simba au Fisi mwenye meno. Colosso amekwenda kinyumenyume. Alikuwa mkubwa akafanywa mdogo, akabaki na domo la mkubwa ndani ya mwili unaoweza kubebwa kwapani. Ujanja anao, ila hauzai, na ushauri anaompa Max kwa kawaida huishia kwenye fedheha ya wote wawili.

Ajabu yake hasa ni mahali alipo. Akina Thunderman hawakumpeleka Colosso gerezani wala kumwacha porini. Amekaa nyumbani kwao, analishwa na watoto wa mtu aliyekuwa hasimu wake, na polepole anakuwa mmoja wa familia ambaye kutokuwepo kwake kungeonekana. Nyumba hii inawafuga hata maadui zake. Max anapomsikiliza Colosso akijigamba kuhusu enzi zake, anatazama mwisho wa njia anayoitamani: mhalifu mkuu aliyekwisha, anayehitaji mtu wa kumbadilishia maji. Tamthilia haimwambii mtoto anayetazama kwamba uhalifu haulipi. Imemweka sungura pale na kumwacha aongee.

Hapo ndipo nguvu za ajabu zinapoonyesha mpaka wake, na vichekesho vyote vinasimama juu ya mpaka huo. Katika sehemu za kawaida, tatizo linaanza pale mmoja wa watoto anapotumia nguvu zake kwa jambo dogo la kibinadamu, kama kutaka kupendwa, kutaka ushindi shuleni, kukwepa adhabu au kuficha kosa, na nguvu hizo zinalifanya jambo dogo kuwa kubwa. Kinachotatua ni mazungumzo, au msamaha, au pacha wawili kukubaliana kwa shingo upande kushirikiana. Katika sehemu ya kwanza kabisa wazazi wanatoka na kumwachia Phoebe mamlaka ya nyumba, na mtihani wake unakuwa ni kumtawala ndugu mwenye umri sawa na nguvu sawa na zake. Hakuna pumzi ya barafu inayoweza kumfanya pacha akuheshimu.

Lakini haki inataka tuseme pia kile ambacho tamthilia hii inakifanya bila kujihoji. Phoebe ni mzuri, na uzuri wake ni kazi. Ndiye anayeachiwa wadogo, ndiye anayepimwa na Hero League, chama kinachowasimamia mashujaa, ndiye anayepaswa kujieleza mbele ya mkuu wake, Rais Kickbutt, pindi mambo yanapoharibika, hata kama aliyeharibu ni mwingine. Max akitenda wema mara moja, nyumba nzima inayeyuka kwa furaha. Phoebe akiteleza mara moja, anaulizwa imekuwaje. Mtoto wa kike mwajibikaji na mtoto wa kiume mtundu anayesamehewa kwa tabasamu si jambo geni kwetu. Nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa zinaendeshwa kwa kanuni hiyohiyo, bila kamera. Jaribu kubadilisha majina: Phoebe awe chini na sungura wake akipanga uovu, Max awe juu akiwalisha wadogo. Sidhani kama vicheko vingekuja katika sehemu zilezile, na nina shaka kama wakuu wa kituo wangeagiza msimu wa pili.

Nora anapunguza lawama hiyo, ingawa haiondoi. Waandishi wamempa binti huyu mdogo, mwenye utepe mkubwa kichwani, macho ya leza na hasira ya kuyatumia, na wamemwacha awe mkorofi bila kumtaka ajieleze. Kwa Nora unaona kwamba waliweza, kama wangetaka, kumwandikia mtoto wa kike utundu usio na mzigo. Kwa Phoebe walihitaji mtu wa kusimama upande wa pili wa mizani dhidi ya Max, na mizani hiyo imemgharimu yeye kuliko Max.

Lawama ya kawaida ya wazazi ni nyingine: kwamba watu wazima wa humu ni mabwege. Hank ni mkubwa wa mwili na mwepesi wa akili, anadanganywa na wanawe, analia kirahisi, anapenda kula na kujisifia. Naielewa lawama hiyo, ila naona imekosea shabaha. Baba mwenye nguvu zisizo na kikomo, mwenye busara na mkali, angeimaliza hadithi kabla ya tangazo la kwanza. Ujinga wa Hank ndio unaowapa watoto nafasi ya kukosea hadi mwisho. Tena, ujinga wake hauhusu upendo. Hakuna sehemu inayomwacha mtazamaji akijiuliza kama anawapenda watoto wake, akiwemo yule aliyeapa kuwa adui wa kila alichokisimamia. Watu wazima wabaya hasa wako nje na hawana nguvu yoyote. Bwana Bradford, mkuu wa shule, anamwandama Max kana kwamba amezaliwa kwa kazi hiyo, na Bi Wong mwenye duka la piza anamchukia Phoebe kwa uchangamfu usio na sababu. Shule na duka vinawatisha watoto hawa kuliko wahalifu wenye kofia za chuma, na mtoto wa miaka kumi anayetazama hatakuwa na pingamizi.

Tofauti inaonekana zaidi ukiiweka kando ya Henry Danger, iliyoanza katika kituo hichohicho Julai 2014 na kudumu hadi 2020. Huko kijana Henry Hart wa mji wa Swellview anapata ajira ya kuwa msaidizi wa Captain Man, shujaa asiyeumia, kwa malipo ya dola 9 kwa saa, na lazima awadanganye wazazi wake kuhusu kazi hiyo. Ni vichekesho vya kibarua na mwajiri. Siri inamtenga Henry na familia yake, wakati siri ya Hiddenville inawafungia akina Thunderman pamoja. Tamthilia hizo mbili zilikutanishwa katika sehemu maalumu ya mwaka 2016, na zilipokezana tuzo ya Kids' Choice ya tamthilia ya watoto, The Thundermans mwaka 2016 na Henry Danger mwaka uliofuata. Ya Henry ina vitendo vingi zaidi na mizaha ya haraka zaidi. Haina Max, na Captain Man, kwa majivuno yake yote, hawezi kuijaza nafasi hiyo.

Tatizo ni kwamba hata The Thundermans yenyewe haikuendelea kuwa na Max. Mwishoni mwa msimu wa tatu Dark Mayhem, mhalifu ambaye Max alimtukuza kwa miaka yote hiyo, anamtaka amgeuke Phoebe, na Max anamchagua dada yake. Ukiitazama peke yake, hiyo ni sehemu iliyofanywa vizuri, na malipo yake yamefanyiwa kazi muda mrefu, maana tulikuwa tumekwisha kuona mara nyingi kwamba kijana huyu hawezi kumwacha pacha wake aumie. Shida imekuja baadaye. Katika msimu wa nne Max ni mwanafunzi wa ushujaa, anawania pamoja na Phoebe nafasi katika kikosi cha Z-Force, na mwishoni wote wawili wanakabidhiwa uongozi wake. Utani umebaki, majivuno yamebaki, Colosso yupo. Kilichoondoka ni hatari. Pacha wawili waliokuwa wakivuta kamba kutoka pande mbili sasa wanashindania kitu kimoja, na mashindano ya wanaotaka kitu kimoja yanaweza kuandikwa na mwandishi yeyote.

Kuna atakayesema kwamba hadithi ya watoto haiwezi kumwacha kijana mhalifu milele, kwamba lazima aongoke ili mtoto anayetazama apate somo. Naona somo lilikuwa limekwisha kutolewa, kwa njia bora zaidi, katika misimu mitatu ya kumwita mezani. Mtoto mtundu anayeangalia misimu hiyo anaambiwa kwamba nafasi yake mezani haitegemei mwenendo wake. Msimu wa nne unamwambia, pengine bila kukusudia, kwamba furaha kamili ya familia ilikuwa ikisubiri abadilike. Kwa Max mwenyewe hayo ni maendeleo. Kwa yule mtundu aliyekaa mbele ya televisheni, na ambaye hana mpango wa kubadilika wiki hii, ni hatua nyuma.

Huku kwetu tamthilia hii imefika kwa wanaomudu king'amuzi cha DStv, ambako Nickelodeon hupatikana, na imefika kwa Kiingereza. Filamu za mapigano zimepata wasimulizi wa Kiswahili miaka mingi, na katika mabanda ya video watu wazima wanacheka mizaha ambayo haikuwamo katika filamu yenyewe, lakini vichekesho vya watoto havijabahatika hivyo. Ni hasara, kwa kuwa mzaha wa Colosso unakaa katika lugha. Ukimnyima mtoto maneno yake, unamwachia mwanasesere anayetikisa masikio. Wapo pia wazazi wanaoziona nguvu hizi kuwa uchawi na kuzima televisheni. Hao wangeangalia sehemu mbili tatu wangeona kwamba humu hakuna mganga, hakuna tunguri wala maombi kwa mizimu. Mtoto amezaliwa na pumzi ya barafu kama wengine wanavyozaliwa na urefu.

Na hapo, katika kuzaliwa nazo, kuna jambo ambalo mtazamaji wa Afrika ana haki ya kulihoji. Kwa akina Thunderman uwezo ni urithi wa damu, na asiye na wazazi wa aina hiyo anabaki kuwa jirani asiyejua. Supa Team 4, katuni iliyobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema na kutolewa na Netflix Julai 2023, ilijibu kwa njia yake: wasichana wanne wa Lusaka ya siku zijazo, Komana, Zee, Monde na Temwe, wanaajiriwa na jasusi mstaafu aitwaye Mama K, anayeokoa jiji kwa bajeti finyu. Uwezo unatoka kwenye vifaa, mafunzo na bibi mwenye maarifa. Napenda zaidi falsafa hiyo ya nguvu. Hata hivyo wasichana hao wote wako upande mmoja, na bado natafuta katuni ya Afrika itakayodiriki kumweka mtoto mwovu ndani ya nyumba njema na kumwacha humo misimu mitatu.

Familia ya Hiddenville imerudi tangu wakati huo. Filamu ya The Thundermans Return, iliyotoka Machi 2024, inaanza na pacha wakiwa mashujaa wenye jina, kisha operesheni moja inaharibika na wote wanarudishwa katika mji wao wa zamani. Jambo la kuvutia zaidi katika filamu hiyo haliko kwa pacha. Billy na Nora, ambao sasa ni vijana, wanaufurahia uhamisho huo kwa kuwa utawapa shule ya kawaida na maisha ya kawaida, yaleyale ambayo Hank na Barb waliwahamisha kutoka Metroburg kuyatafuta. Wakubwa wao wanahangaika kurudisha hadhi. Kwa mara ya kwanza nguvu na ushujaa vinakuwa mradi wa ndugu wawili ambao ndugu wengine wanaubeba bila kuuomba, na ningependa filamu ingekaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyokaa.

Januari 2025 ilianza tamthilia nyingine, The Thundermans: Undercover, ambamo Phoebe na Max wanatumwa kwa siri katika mji wa pwani wa Secret Shores, wakiwa na Chloe wanayemlea huku wakitaka apate ujana wa kawaida. Siri imerejeshwa, na waandishi wamefanya vyema kuona kwamba bila siri hakuna kichekesho. Max amekuwa mlezi. Yule aliyekataa kila amri ya nyumba ndiye anayepaswa sasa kumwambia binti mwenye uwezo wa kutoweka chumbani kwamba alale mapema, na Chloe ana kila sababu ya kumuuliza yeye alikuwa akilala saa ngapi. Hapo pana mgogoro ambao msimu wa nne wa zamani uliupoteza, ilimradi wampe Chloe ruhusa ya kuwa mbaya kweli.